Mafumbo ya mzingo wa pembetatu: jinsi ya kuyafungua na kujua kama jibu lako linawezekana

Jumamosi iliyopita hapa Uyole, Mbeya, mvua ilikuwa inapiga bati mpaka hatusikilizani, nikaona nisipige kelele bure, nikawaandikia watoto wa tuisheni fumbo moja ubaoni wafanye kimyakimya. Fumbo lenyewe hili:

Pembetatu ina mzingo wa sm 40. Upande wa pili ni mara tatu ya upande wa kwanza, na upande wa tatu umezidi wa kwanza kwa sm 5. Tafuta urefu wa kila upande.

Wote kumi na mmoja wakaleta 7, 21 na 12. Wote nikawawekea alama ya kuuliza pembeni, sikuweka pata wala kosa. Binti mmoja wa darasa la sita akanifuata na daftari lake, akasema "Mwalimu mbona nimehakiki, 7 jumlisha 21 jumlisha 12 inakuja 40 kamili." Na kweli inakuja 40. Mlinganyo wake ulikuwa sawa, kujumlisha kwake sawa, mwandiko mzuri kabisa. Shida ni kwamba hiyo pembetatu haipo, hakuna mtu anayeweza kuichora.

Nikachomoa njiti tatu kwenye ufagio wa chelewa, nikamwambia azipime kwa rula azikate, moja sm 7, moja sm 12, moja sm 21. Ile ya 21 tukailaza mezani. Ya 7 tukaishikanisha na ncha ya kushoto, ya 12 na ncha ya kulia, nikamwambia haya sasa zikutanishe huku juu uifunge pembetatu. Akazisogeza. Akaziinamisha kidogo, akaziinamisha tena, mwisho njiti zote mbili zimelala kabisa juu ya ile ndefu na bado ncha zake hazijagusana, katikati kumebaki uwazi wa sm 2, kidole gumba kinapita. Akaziangalia, afu akasema "Kumbe hazifikiani."

Ndo hivo, hazifikiani. Na hili ndo nataka tulishike vizuri, mana tunawafundisha watoto kufungua fumbo mpaka jibu linatoka afu tunaishia hapo, wakati kwenye pembetatu kuna kazi nyingine ndogo ya nusu dakika imebaki, na bila hiyo mtoto anaweza kukabidhi jibu la kitu ambacho hakipo akiwa na uhakika kabisa kwamba amepata.

Tuanze na kufungua fumbo lenyewe.

Mzingo ni safari ya kuzunguka umbo mpaka unarudi ulipoanzia, basi. Kwa pembetatu unajumlisha pande tatu. Watoto wanachanganya na eneo kwa sababu kwenye eneo wamekariri nusu mara kitako mara kimo, kwa hiyo wakiona pembetatu tu mkono unakimbilia nusu. Mwambie mtoto ajiulize, hapa natembea pembeni au nalima ndani? Ukitembea pembeni ni mzingo, ukilima ndani ni eneo. Shamba la viazi kule Isyonje, kulizungushia uzio ni mzingo, kujua utapanda mbegu kiasi gani ni eneo. Mtoto wa huku hilo analielewa haraka kuliko maelezo yoyote.

Soma fumbo mara mbili, mara ya kwanza kalamu iwe chini. Mara ya pili chora pembetatu, hata ikiwa imepinda haina shida, afu tafuta upande ambao wenzake wanapimwa kwa huo. Huo ndo unaupa herufi. Kwenye fumbo letu wa pili ni mara tatu ya wa kwanza, wa tatu umezidi wa kwanza, kila mtu anamtaja wa kwanza, basi wa kwanza ndo unaitwa x na wengine wanajiandika wenyewe, 3x na x + 5. Ukimpa x yule wa pili utaishia kuandika theluthi za x na kuhangaika na sehemu bila sababu.

Hapa kwenye maneno ndo wengi wanaangukia, kwa hiyo tukae kidogo. Chukua sentensi hii: upande AB umezidi upande BC kwa sm 6. Nimeona mara nyingi sana mtoto anaandika AB ni x na BC ni x + 6, kwa nini, kwa sababu BC na 6 zimekaa jirani kwenye sentensi. Dawa yake ni swali moja tu kabla ya kuandika chochote, nani mrefu? AB ndo imezidi, AB ndo ndefu, kwa hiyo AB ndo inabeba ile + 6. Hivo hivo kwa neno pungufu, ukisikia upande wa tatu ni pungufu ya wa pili kwa sm 4 jiulize nani mfupi, ni wa tatu, basi wa tatu unakuwa wa pili toa 4, sio 4 toa wa pili.

Nyingine inayosumbua ni hii: upande wa pili umezidi mara mbili ya wa kwanza kwa sm 3. Unaanza na mara mbili ya wa kwanza, 2x, afu ndo unaiongezea tatu zako, 2x + 3. Wengine wanaweka mabano wanaandika 2(x + 3), hiyo inakuwa 2x + 6, ni kitu kingine. Soma polepole mpaka uisikie, imezidi nini? Imezidi mara mbili ya wa kwanza. Imezidi kwa ngapi? Kwa 3.

Sasa tufanye moja lililonyooka. Kiwanja cha pembetatu kina mzingo wa m 54, upande wa pili ni mara mbili ya wa kwanza, wa tatu umezidi wa kwanza kwa m 6, tafuta upande mrefu kuliko yote.

x + 2x + x + 6 = 54
4x + 6 = 54
4x = 48
x = 12

Mtoto akifika hapo anapiga mstari chini ya 12 anafunga daftari. Hapana, swali limetaka upande mrefu, rudi kwenye mchoro ujaze, wa kwanza 12, wa pili 24, wa tatu 18. Jibu ni m 24. Herufi x ni yako wewe uliyeiweka, mwenye swali hakuiuliza.

Haya, sasa ile nusu dakika.

Sheria yenyewe ni kwamba pande mbili fupi ukizijumlisha lazima zizidi ule mrefu. Zizidi, sio zilingane, mana zikilingana zile njiti zinagusana ncha lakini zikiwa zimelala, unapata mstari tu, hakuna pembetatu. Na huna haja ya kujaribu jozi zote tatu kama vitabu vingine vinavyokufanyisha. Ule mrefu ukiujumlisha na mwingine wowote tayari umemzidi anayebaki, hilo halina ubishi, kwa hiyo jozi ya kuihofia ni moja tu, fupi mbili dhidi ya mrefu.

Sheria hii sio ya juzi. Euclid, yule Mgiriki wa Alexandria kule Misri, kama miaka 300 kabla ya Kristo, aliiandika na kuithibitisha, na inasimuliwa kuna wanafalsafa waliombeza wakasema hilo hata punda analijua, ukimwekea nyasi ng'ambo anakwenda moja kwa moja, hazunguki. Mimi naona waliombeza wametusaidia sana walimu, mana ndo maelezo mazuri kuliko yote. Upande mmoja wa pembetatu ni njia ya moja kwa moja, pande mbili zilizobaki ni njia ya kuzunguka. Ukitoka Tukuyu kwa basi kwenda Makambako unapanda kwanza mpaka hapa Uyole ndo unashika barabara ya Iringa, na kila abiria anajua kwamba kungekuwa na njia iliyonyooka kukatiza milima ile ingekuwa fupi. Kuzunguka hakuwezi kuwa kufupi kuliko kunyooka. Sasa ukiambiwa 7 na 12 ndo mzunguko na 21 ndo njia iliyonyooka, hapo kuna kitu hakiko sawa.

Lakini mimi kwa maswali ya mzingo nina njia ninayoipenda zaidi, na nilivyoipata ni kwa kamba. Nilinunua sokoni Mwanjelwa kamba ya manila, nikaipima m 12, nikaifunga ncha zake ikawa duara moja, na kila baada ya mita nikafunga kitambaa. Watoto watatu wanaingia, kila mmoja anashika kona, wanavuta mpaka inakaza, inatokea pembetatu. Mzingo wake hauwezi kubadilika, ni m 12 hata wafanyeje. Nikawaambia wahesabu vitambaa, 4 na 4 na 4. Wakasogea, 5 na 4 na 3. Wakasogea tena, 5 na 5 na 2. Afu nikawaambia wawili wafanye upande wao uwe m 6. Wakavuta wakavuta, wa tatu akajikuta amebanwa katikati yao, kamba imekuwa mistari miwili iliyolaliana, m 6 ya kwenda na m 6 ya kurudi, pembetatu imekufa. Nikasema haya fanyeni m 7. Haiwezekani, kamba imeisha.

Kwa hiyo unaona, upande mrefu wa pembetatu siku zote lazima uwe chini ya nusu ya mzingo. Hiyo ndo sheria ileile ya pande mbili fupi ila imekaa vizuri zaidi kwa maswali yetu, mana kwenye fumbo la mzingo ule mzingo umeshapewa! Unaugawa kwa mbili, unaangalia kama kuna upande umefika hapo au umepita, kama upo pembetatu haipo. Rudi kwenye fumbo la mwanzo, mzingo 40, nusu yake 20, upande mmoja 21, imekufa. Kiwanja chetu cha 54, nusu yake 27, upande mrefu 24, kiko salama. Hata kujumlisha tena hujumlishi.

Na ukitaka uongeze, ule mrefu hauwezi kuwa chini ya theluthi ya mzingo, kwa sababu kama pande zote tatu zingekuwa chini ya theluthi zisingefika kwenye jumla. Kwa hiyo upande mrefu unakaa kati ya theluthi na nusu, theluthi yenyewe ikiwa ni pale zote zinapolingana. Mzingo wa 60? Mrefu uko kuanzia 20 na haufiki 30. Mtoto akikuletea 34 hata kabla hujaangalia kazi yake unajua kuna mahali ameteleza.

Yule binti hakuridhika, na hilo nilimpenda. Akauliza sasa mzingo ungekuwa ngapi ndo ikubali? Tukakaa naye. Pande ni x, 3x na x + 5. Ule mrefu tukausimamisha kuwa 3x, fupi mbili zikijumlishwa ni 2x + 5. Tunataka 2x + 5 izidi 3x, yaani x iwe chini ya 5. Mzingo ni 5x + 5, x ikiwa 5 mzingo unakuwa 30. Basi fumbo hilo linakubali mzingo ukiwa chini ya 30 tu, na usishuke mno, mana x ikiwa ndogo x + 5 ndo inakuwa ndefu, na ili x na 3x zikijumlishwa ziizidi, x lazima izidi 5/3, yaani mzingo uzidi 13 na theluthi moja. Akajaribu 25, akapata x = 4, pande 4, 12 na 9, fupi mbili 13 imezidi 12, akakata njiti nyingine zikasimama vizuri kabisa. Mwalimu unayetunga mtihani nakuomba fanya hivi kabla hujachapa, kuna maswali yanazunguka kwenye makaratasi ya tuisheni yana majibu ya aina ya 7, 21, 12 na mtoto anapewa alama zote.

Pembetatu pacha, yaani yenye pande mbili zinazolingana, ndo inaonyesha kwa nini hii hakiki sio pambo. Fumbo linasema pembetatu pacha ina mzingo wa sm 30 na upande wake mmoja ni sm 7, tafuta nyingine. Hawajasema 7 ni mmoja wa mapacha au ni ule wa peke yake! Lazima ujaribu zote mbili. Ikiwa 7 ni pacha, pande ni 7, 7 na 16, nusu ya mzingo ni 15, imekataa. Ikiwa 7 ni yule wa peke yake, zinabaki 23 za kugawana wawili, kila mmoja 11.5, nazo ziko chini ya 15, imekubali. Jibu ni moja, 11.5 na 11.5. Hapa watoto wanaogopa desimali, wanasema mwalimu haigawanyiki vizuri nitakuwa nimekosea. Urefu hauna ubaya kuwa na nusu, usifute.

Sasa badilisha 7 iwe 12. Ikiwa ni pacha unapata 12, 12, 6. Ikiwa ni wa peke yake unapata 9, 9, 12. Zote mbili ziko chini ya 15, zote zinakubali, kwa hiyo fumbo lina majibu mawili na unatakiwa uandike yote mawili. Ni hakiki ileile, safari hii haijafuta kitu. Ukiona swali linasema pande mbili za pembetatu pacha ni 4 na 9 tafuta mzingo, usikimbilie kusema ni 17 au 22, jaribu, 4, 4, 9 zinakataa kwa kuwa 8 haifiki 9, inabaki 9, 9, 4, mzingo 22.

Vipimo vilivyochanganywa. Pande ni m 1.2, sm 80 na sm 90, tafuta mzingo. Mtoto anajumlisha 1.2 na 80 na 90 anapata 171.2 na anaandika sm. Ukimwambia ahakiki, 1.2 jumlisha 80 ni 81.2, haifiki 90, pembetatu imekataa, hapo hapo anagundua kuna mita imejificha. Anageuza m 1.2 kuwa sm 120, jumla sm 290, nusu 145, mrefu 120, safi. Nimeitaja kwa sababu hakiki ya pembetatu inakamata hata makosa ambayo hayahusiani na pembetatu.

Kuna na hasi. Upande wa pili umezidi wa kwanza kwa 2, wa tatu ni pungufu ya wa kwanza kwa 10, mzingo 19. Unapata 3x toa 8 ni 19, x ni 9, pande 9, 11 na hasi 1. Jumla inakuja 19 kweli, ila upande wa hasi moja haupo. Hilo halihitaji njiti.

Mafumbo ya uwiano nayo yana njia ya mkato. Ukiambiwa pande zina uwiano wa 3:4:5 na mzingo ni 60, unajumlisha uwiano unapata 12, 60 gawa kwa 12 ni 5, pande 15, 20, 25. Lakini kabla ya yote hayo angalia uwiano wenyewe, 3 na 4 ni 7, imezidi 5, twende. Uwiano wa 1:2:3 unalala chali siku zote haijalishi mzingo ni sm 6 au km 600. Uwiano wa 2:3:6 ndo kabisa. Huna haja hata ya kugawanya, andika haiwezekani na sababu.

Uzio sasa, mana haya maswali ya senyenge yanapendwa sana. Shamba la pembetatu lina pande m 40, m 55 na m 65, linazungushiwa senyenge mistari minne, na lango la m 4 halipitishwi senyenge, senyenge inahitajika mita ngapi? Mzingo 160, hakiki kwanza, nusu 80, mrefu 65, shamba lipo. Toa lango, 156, mara nne, m 624. Wanaokosea wanatoa 4 mwishoni baada ya kuzidisha wanapata 636, wakati lango linakata kila mstari.

Na nguzo? Shamba hilohilo, tuseme bila lango, nguzo kila baada ya m 5. Mtoto aliyefundishwa nguzo za barabarani atagawa 160 kwa 5 apate 32 afu aongeze moja, 33. Barabara ina mwanzo na mwisho, shamba halina, ukizunguka unarudi kwenye nguzo ileile uliyoanzia, kwa hiyo ni 32. Na kwa sababu 40, 55 na 65 zote zinagawanyika kwa 5, kila kona inapata nguzo yake. Nguzo moja ikiwa shilingi 3,000 hapo ni 96,000. Chora tu vidoti uhesabu kama huamini.

Mimi mwenyewe hii kitu ilinigusa mfukoni. Tulikuwa tunaezeka banda la ng'ombe nyumbani, upana wa ukuta mpaka ukuta m 6, fundi akanipigia simu anauliza mbao za kupanda kileleni za kenchi azikate ngapi, mimi niko mbali, nikamwambia m 2.9 kila moja kwa kufikiri nusu ya 6 ni 3 basi inatosha. Akakata zote kabla hajaunganisha hata kenchi moja. Akaziinua, mbili zinatazamana na hazigusani, 2.9 na 2.9 ni 5.8, kumebaki sm 20 hewani. Kenchi ni pembetatu pacha, kitako chake m 6, mapacha lazima kila mmoja azidi m 3, hiyo ni hesabu ya darasa la sita na mbao zilikatwa kwa kukosa kuifanya. Na hata ningesema m 3.1 zingegusana ila kilele kingenyanyuka sm 78 tu, kwa mvua za huku paa bapa namna hiyo unalitafutia matatizo. Tulinunua mbao nyingine tukazikata m 3.5, kilele kikaja m 1.8. Zile fupi zikawa mihimili ya hori.

Kwa pembetatu mraba, yaani yenye kona moja ya nyuzi 90, ongeza hakiki moja tena: kila upande mfupi uzidishe kwa wenyewe, jumla yake lazima ilingane na mrefu ukizidishwa kwa wenyewe. Fumbo likisema pembetatu mraba ina pande mbili fupi m 9 na m 12, mzingo ni m 40, upande wa tatu ni ngapi, ukitoa unapata 19, nusu ya mzingo ni 20, 19 haijafika hapo, imekubali, na 9 na 12 ni 21 imezidi 19. Pembetatu ipo lakini sio mraba, mana 9 kwa 9 ni 81, 12 kwa 12 ni 144, jumla 225, ambayo ni 15 kwa 15, wakati 19 kwa 19 ni 361. Ilitakiwa 15 na mzingo uwe 36. Mafundi wanaoweka kona ya msingi kwa 3, 4, 5 wanaijua hii kwa mikono. Kwa hiyo soma vizuri ni pembetatu ya aina gani, kila neno linalotajwa pale lina masharti yake.

Sasa ukishagundua haiwezekani unafanyaje? Usifute kwanza. Rudi kwenye sentensi za fumbo, nani mrefu, nani kipimo, vipimo viko sawa? Mara nyingi kosa liko hapo. Ukirudia ukapata vilevile, andika wazi, mfano: pande ni sm 7, 21 na 12, lakini 7 + 12 = 19 ambayo ni ndogo kuliko 21, kwa hiyo pembetatu hii haiwezekani. Onyesha na hesabu yote, mana msahihishaji akiwa na 7, 21, 12 kwenye karatasi yake atakuta umezipata, na akiwa makini ataona umempita hatua moja.

Mzazi ambaye huna muda, jioni wakati ugali unapikwa mwambie mtoto akutafutie pembetatu zote zenye mzingo wa 12 kwa namba nzima. Ziko tatu tu: 4, 4, 4 na 5, 4, 3 na 5, 5, 2. Akikuletea 6, 3, 3 au 6, 4, 2 muulize nusu ya 12 ni ngapi. Akizoea mpe mzingo wa 4, atahangaika kidogo afu atakuja kukwambia hamna hata moja, na hapo mwache akueleze mwenyewe kwa nini.

Haya manne ni ya Jumamosi ijayo kwa wanangu wa tuisheni, na wewe unaweza kuyajaribu. La kwanza, mzingo ni 36, wa pili umezidi wa kwanza kwa 3, wa tatu umezidi wa pili kwa 3. La pili, uwiano ni 2:3:5, mzingo 50. La tatu, pembetatu pacha, pande mbili ni 5 na 11, tafuta mzingo. La nne, mzingo ni 30 na jumla ya pande mbili fupi ni 14.

La kwanza ni 9, 12, 15 na ukiangalia vizuri ni pembetatu mraba kabisa. La pili 10, 15, 25 inalala chali. La tatu 27. La nne upande wa tatu unakuja 16 na nusu ya mzingo ni 15.